Ujuzi wa wazee wetu si wa kujichukulia

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu kuhusu mkataba wa kimataifa wa hataza na ujuzi wa jadi, uliopitishwa Geneva Mei 24, 2024, imenikera. Mmeusifu kana kwamba wazee wetu washalindwa. Kweli, unamtaka anayeomba hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi peke yake, ataje nchi ulikotoka mmea alioutumia na jamii iliyotoa ujuzi. Ila asipotaja, hataza haifutwi kwa sababu hiyo pekee, mpaka ithibitike alikusudia kudanganya. Nani atakayeithibitisha? Hataza ya dawa ya ukungu iliyotokana na mafuta ya mwarobaini ilitolewa Ulaya mwaka 1994, ikafutwa 2000, na rufaa ikaisha 2005. Wahindi, wanaoutumia mti huo tangu jadi, walikuwa na wanaharakati wa kupambana muda wote huo. Sisi je?

Mama yangu ni mganga wa mitishamba huku Pwani. Walimjia watafiti wa chuo kimoja, wakakaa naye mkekani kutwa nzima. Walipima mizizi kabla hajaitia kinuni, wakaandika inachemshwa kwa muda gani na majani yapi huongezwa mtoto akiwa na mchango, kisha wakafunga mafungu yao wakaondoka. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza. Mama hajui kusoma, akatiwa wino kidoleni, akaachiwa leso na sukari. Nilipopiga simu kuuliza ujuzi ule umeandikwa kwa jina la nani, nikajibiwa kwamba huo ni wa kila mtu. Wa kila mtu vipi, na mama aliupata kwa nyanyake, akitembezwa msituni tangu utotoni? Sheria yetu ya Kenya ya 2016, ya kulinda ujuzi wa jadi, inataka jamii iridhie kwanza, ikijua inaridhia nini, na kaunti ziorodheshe ujuzi huo. Nilikwenda ofisi ya kaunti. Karani hakuwahi hata kuisikia sheria yenyewe!

Wala si dawa tu. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kutaka jina la kikoi liwe alama yake ya biashara, hadi Wakenya wakapinga.

Kaunti ziajiri makarani wanaojua Kigiriama na Kidigo, wakae na wazee kila siku ya soko, waandike. Daftari lifungiwe kabatini, lisiwekwe mtandaoni, na mzee apewe nakala yake. Mtafiti naye asiondoke na hata jani moja kabla fomu haijasomwa kwa sauti, kwa lugha ya mzee, mbele ya wanawe.

Msomaji wenu,
Pwani