Mama, hiyo laki saba siyo ya antena

Wiki iliyopita kwenye grupu la mtaa kuna mama mmoja mteja wetu wa huku Goba katupia picha ya antena aliyoikuta dukani Kariakoo, laki na themanini, chini yake akaandika "huyu fundi wa intaneti kanichaji laki saba kwa kitu hikihiki, tuwe makini jamani". Dakika kumi tu vikatuni vya kulia machozi vimejaa, na watu watatu wakanifuata pembeni wanataka bei mpya. Sikujibu kule, maana kwenye grupu ukijibu unaonekana una hasira, na kweli nilikuwa nazo. Najibu hapa.

Mama yangu, antena kwenye risiti yako ni mstari wa kwanza, laki mbili na ishirini. Hiyo arobaini ya juu ni kuifuata mjini, kuiseti, na kukubadilishia bure ikifa ndani ya mwaka. Kilichobaki ni mabomba ya galvanaizi, zege, nyaya za kulivuta bomba lisiyumbe, waya wa nje mita 45, edhi (waya wa kushusha umeme ardhini), na vijana wangu wawili siku nzima juu ya bati la saa saba mchana. Bomba ndiyo lilikuuma, najua, maana uliniambia "si uifunge tu hapo kwenye fishabodi, mnara wenu mbona nauona".

Hapo kwenye "nauona" ndipo tunapogombana na wateja kila wiki. Goba ni milima na mabonde, mtu anasimama barazani anaona taa yetu kule kilimani anajua kazi imeisha. Jicho linahitaji tundu dogo tu kuona, mawimbi hayaendi hivyo. Chukulia muhogo: mwembamba huku na huku, mnene katikati. Ndivyo njia ya mawimbi ilivyo kati ya antena mbili. Kwa umbali wa kilomita 1 kwenye masafa ya 5.8 GHz, katikati ya huo muhogo kuna kama mita 3.6 kila upande, na angalau asilimia 60 ya hapo pawe peupe, pasiwe na paa la jirani wala mwembe wala tangi la maji. Kwa hiyo unaweza ukaiona taa vizuri kabisa na bado muhogo wako umekatwa nusu na bati la mwenzio. Bomba linanyanyua muhogo, basi.

Na miti isikieni vizuri, maana hili mimi mwenyewe lilinichapa. Miaka ya nyuma nilimfungia mzee mmoja mstaafu, mwezi wa nane, tumepima nguvu ya mawimbi tukapata hasi 58 (ikikaribia sifuri ndiyo bora), safi, mzee kafurahi katuletea na madafu. Mbele kidogo kulikuwa na msufi mkubwa, umepukutika wote, matawi matupu, nikaona hauna neno. Mvua za vuli zikapiga, msufi ukavaa majani, hasi 79. Mzee ananipigia "kijana, mbona intaneti yako inafanya kazi kiangazi tu kama barabara zetu?" Nilikosa jibu. Majani yana maji ndani, mawimbi yanamezwa, na yakilowa mvua ndiyo balaa zaidi. Nikahamisha bomba upande wa pili wa nyumba, nikaongeza futi kumi, kwa hela yangu. Tangu siku hiyo tukija kusevei, yaani kukagua eneo kabla ya kufunga, tunauliza kwanza huu mti ni mti gani, wateja wanadhani tunapoteza muda.

Sasa njia ya mkato. Watu hawataki bomba wala antena yao wenyewe, wanataka nifunge "kitu kimoja chenye nguvu" juu ya nyumba moja halafu mtaa mzima washike kwa simu. Kuna jamaa wa Madale alishanunua hicho kitu kabla hajaniita, antena ndefu kama fimbo, kaambiwa dukani inafika kilomita 3. Kaipandisha, simu barabarani inaonyesha mistari yote imejaa, ukifungua hata picha ya wasapu inazunguka tu. Akajua kauziwa feki. Siyo feki. Ile ni spika ya msikitini, inakufikia popote ulipo, lakini wewe ukijibu ukiwa kwako muadhini hakusikii. Simu yako ina kiredio kidogo mno, antena ndogo ya ndani, haiwezi kurudisha sauti kilomita nzima. Mistari kwenye simu inakuonyesha unavyomsikia mwenzio, haikuonyeshi kama yeye anakusikia. Ndiyo maana kila nyumba tunaweka antena yake ya kurudisha, halafu ndani unawekewa rauta ndogo ya kawaida. Jamaa kaishia kununua vyote mara mbili, na ile fimbo sasa hivi anaanikia taulo, siwatanii.

Halafu ile fimbo inapiga masafa ya 2.4 GHz pande zote, na huko chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11. Ukipima ukiwa juu ya kilima unazikuta rauta za watu kibao zimelala humohumo. Ni kama kuongea Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya Idi.

Waya. Hapa nitasema ukweli, ndiyo sehemu ninayokataa kazi. Mteja ananiambia "fundi waya ninao, shemeji aliacha boksi zima". Nakwangua kidogo kwa kisu, ndani nyeupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hiyo umbali mfupi ndani ya nyumba itakusogeza, lakini umeme wa antena unapita humohumo kwenye waya, volti 24, ukishafika mita 50 au 60 zimeshapungua njiani, antena inazima na kuwaka usiku kucha, wewe unanitukana mimi. Na waya wa ndani ukiuanika juani mwaka haufiki, ganda linapasuka, maji yanaingia. Maji yakishaingia hayakai pale yalipoingilia, yanatembea ndani ya waya kama kwenye mrija mpaka kwenye adapta yako nyuma ya tivii. Nimefungua adapta Mbezi Juu ikamwaga maji kama kikombe kimepinduliwa, mwenye nyumba akasema "lakini humu ndani hapavuji". Ndiyo maana vijana wangu wakifika dirishani wanaacha waya uning'inie tumbo kwa chini kabla haujaingia, tone lidondokee nje. Mama, uliuliza kwa nini waya umelegezwa vile kama kazi ya kitoto. Ni hivyo.

La kugawana na majirani nalisema harakaharaka. Kumpa jirani neno la siri ni juu yako, ila Mbps 10 nyumba sita saa mbili usiku, kila mtu na tamthilia yake, usinipigie. Na anayetaka kuwauzia mtaa mzima aende TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza akachukue leseni, mimi simfungii mtu mnara wa kificho.

Bei yetu ya kusevei ni elfu thelathini, ukifunga inakatwa kwenye bili. Kabla hujapiga simu panda juu kadiri unavyoweza, au mtume kijana, mpige picha upande wa kilimani asubuhi kabla jua halijawa kali, unitumie. Picha moja hiyo inatosha kukuambia kama unahitaji futi 10 au 40, na wengine huwa nawaambia kabisa hapa hapafai, subirini faiba, sichukui hata mia.

Mama wa kwenye grupu hajafuta posti yake. Juzi mdogo wake wa nyumba ya chini bondeni kanipigia anataka kuunganishwa, nikamuuliza bomba je, akacheka, akasema dada kasema lisipungue futi 30.