Barua kwa Mwanangu Neema Kuhusu Mbwa Mliyemnunua

Mugumu, Serengeti

Mwanangu mpendwa Neema,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hapa ni wazima, mvua zimekuja kwa wakati na mtama umeanza kuchanua. Nimeipata picha ya mtoto wa mbwa mliyemnunua huko Dar es Salaam kwa ajili ya wajukuu wangu, nami nimeitazama kwa makini kuliko ulivyotarajia. Uliniuliza, kwa kuwa nilikuwa bwana mifugo, ni mambo gani unayopaswa kuyajua, kisha ukaongeza kwa utani kwamba babu yako alifuga mbwa maisha yake yote bila kumwuliza mtu yeyote. Ni kweli kwamba hakumwuliza mtu. Lakini mbwa wa babu yako na huyo wenu wanafanana umbo tu, na ukimfuga wa leo kwa desturi za wakati ule utamwumiza yeye, na huenda ukawaumiza watu pia.

Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1960, hakuna mtu kijijini kwetu aliyenunua mbwa. Jike la jirani lilipozaa, baba alikwenda kuwaona watoto wakiwa bado wananyonya, akachagua mmoja kwa kutazama walivyogombania chuchu, na walipoacha ziwa alimpelekea mwenye jike kuku mmoja wa shukrani. Mbwa huyo alikuwa na kazi tangu siku alipoanza kubweka. Usiku alilala kando ya zizi akimsikilizia fisi. Mchana aliwafuata wachungaji malishoni. Na mazao yalipokaribia kukomaa alishinda shambani pamoja na watoto, kwa sababu nyani hawamwogopi mtoto lakini humwogopa mbwa. Jina lake mara nyingi lilikuwa ujumbe kwa majirani. Mzee mmoja aliyegombana na shemeji zake alimwita mbwa wake Watasema, na kila jioni alimwita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya mto.

Alikula alichokipata: ukoko wa ugali, mifupa, kondo la nyuma ng'ombe alipozaa, na, ingawa si jambo zuri la kuandika katika barua, uchafu wa watoto wadogo pembezoni mwa boma. Wazee waliona hilo kuwa usafi. Sisi tuliosomea mifugo tulijua kwamba hapo ndipo minyoo ilipozungukia. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, minyoo ya mbwa iliwapa watu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu kwa kiwango ambacho ni vigumu kukipata mahali pengine duniani, kwa kuwa mbwa walikula viungo vya mifugo iliyochinjwa nyumbani na kulala karibu sana na watoto. Kwa hiyo usishangae nikikuhimiza umpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu atakapokuwa mkubwa, na mara nyingi zaidi sasa akiwa mdogo, na uwafundishe wajukuu kunawa mikono baada ya kucheza naye.

Kitu ambacho mbwa wa zamani hakuwa nacho kabisa ni daktari. Serikali ilikuja kijijini kwa ajili ya ng'ombe: chanjo ya sotoka, chanjo ya kimeta, josho la kuogeshea dhidi ya kupe. Mbwa alinufaika na josho pale tu vijana wakorofi walipomtumbukiza humo baada ya ng'ombe wa mwisho kupita. Alipougua aliachwa apone au afe, na wengi walikufa kabla ya kufikisha miaka minne. Hakuna aliyehesabu, kwa sababu jike la jirani lilikuwa limeshazaa tena.

Serikali ilimkumbuka mbwa wakati wa kichaa cha mbwa tu. Hapo ilitolewa amri kwamba kila mbwa afungwe, na atakayeonekana akizurura apigwe risasi. Mijini ilitumika nyama iliyotiwa sumu. Njia hiyo haikumaliza ugonjwa mahali popote ninapopajua, na sababu zake si ngumu kuzielewa. Watu waliwaficha mbwa wao wazuri kwa ndugu katika vijiji vya mbali, na baadhi ya mbwa hao walisafiri na ugonjwa wakiwa tayari wameambukizwa. Mahali palipobaki wazi palijazwa upesi na watoto wapya wa mbwa ambao hawakuwa na kinga yoyote. Baadaye wataalamu walithibitisha kwa hesabu kile ambacho watu wa vijijini walikiona kwa macho, kwamba kichaa hukoma pale asilimia 70 hivi ya mbwa wa eneo wanapochanjwa, na wakachanjwa tena kila mwaka kabla wale wanaozaliwa hawajaishusha kinga hiyo.

Mabadiliko ya kwetu yalichochewa, ajabu ya Mungu, na simba. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 kati ya 3,000, na virusi vyake vilikuwa vya jamii ileile iliyokuwa ikiwaua mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ukame uliotangulia ulikuwa umewadhoofisha nyati na kuwajaza kupe, simba wakawala nyati hao na kupata ugonjwa uletwao na kupe juu ya distempa. Dunia nzima ilishtuka. Sijawahi kuacha kujiuliza kwa nini simba ndio walioleta magari ya chanjo vijijini ilhali watoto wetu walikuwa wakifa kwa kichaa kabla yao, lakini magari yalikuja, na nilifurahi kupanda mojawapo. Wataalamu wamegundua baadaye kwamba distempa ina wanyama wengine wanaoihifadhi, hivyo kuwachanja mbwa hakukuiondoa kabisa kwa simba. Kwa upande wa kichaa, matokeo yalikuwa makubwa.

Ungeiona siku ya chanjo ilivyokuwa! Tangazo lilipita jioni kwa kipaza sauti, na asubuhi watoto walifika kwenye uwanja wa shule wakiwa na mbwa waliofungwa kwa kamba ya katani, mnyororo wa baiskeli, hata kipande cha khanga, wengine wakiwa ndani ya toroli kwa sababu walikataa kutembea. Mbwa hao walikuwa hawajawahi kufungwa kamba maishani mwao, na kila mmoja aliona hapo maadui wote aliowasikia wakibweka kutoka mbali kwa miaka. Ilibidi tuwapange kwa nafasi, wakali mwisho. Kila aliyechanja alipewa cheti, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza mbwa wengi wa wilaya yetu waliandikwa pamoja na jina la mwenyewe. Wazee kadhaa walisita kutaja jina, wakidhani ni orodha ya kodi. Mimi naona kwamba cheti kile kilibadilisha ufugaji kuliko sindano yenyewe, kwa kuwa tangu siku hiyo mbwa aliyemng'ata mtu alikuwa na mwenye kuulizwa.

Chanjo zilitunzwa ndani ya masanduku ya barafu, na barafu ikiyeyuka tulirudi mjini. Siku hizi inajulikana kwamba chanjo ya kichaa ya mbwa tuliyoitumia inaweza kukaa kwenye nyuzi joto 25 kwa miezi sita, au kwenye nyuzi joto 30 kwa miezi mitatu, bila kupoteza nguvu, na utafiti wa jambo hilo umehusisha wataalamu wa hapa hapa nchini. Maana yake ni kwamba chanjo inaweza kubaki kijijini pasipo umeme. Kule Pemba, ambako wakulima hufuga mbwa wa kulinda mashamba dhidi ya tumbili, chanjo za mfululizo zilikiondoa kichaa kisiwani, kikarudi kwa kuletwa kutoka nje, na kikaondolewa tena mwaka 2018. Bado inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa duniani kila mwaka, na kama 1,500 kati yao ni wa nchi yetu, wengi wakiwa watoto. Mashirika ya kimataifa yameweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa.

Kwa hiyo, mwanangu, hata kama mbwa wenu hatatoka getini, achanjwe kichaa akifikisha miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo. Na kama mtoto yeyote atang'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo. Wakati wetu kidonda kilipakwa majivu, pilipili au mafuta ya taa, na aliyefika hospitali alichomwa sindano za tumboni kila siku kwa wiki mbili au tatu, jambo lililowafanya wengi kutoroka. Sasa ni sindano chache za mkononi. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Nije sasa kwa huyo mtoto wenu. Umesema mmemnunua kwa laki kadhaa kutoka kwa mtu aliyetangaza kwenye simu, na kwamba ni wa jamii ya mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi. Sina ugomvi na hilo, ingawa masikio yake yananitia shaka kidogo. Lakini muuzaji kusema kwamba amechanjwa hakutoshi. Dai kadi, na kwenye kadi tafuta kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa ya chanjo, chenye nambari ya toleo na tarehe ya kuisha muda, pamoja na sahihi na mhuri wa daktari. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu tu yaweza kuandikwa na yeyote.

Nasisitiza kwa sababu ya parvo. Ugonjwa huu haukuwepo nilipokuwa mtoto. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1978 na katika muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimeenea duniani kote. Humfanya mtoto wa mbwa atapike na kuharisha damu, na huweza kumwua kwa siku chache. Hukaa ardhini kwa miezi mingi na huingia ndani kwa soli za viatu. Chanjo yake huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16, maana kinga aliyonyonya kwa mama huweza kuizuia sindano ya kwanza isifanye kazi. Wengi huchoma moja, wakaridhika, kisha wakalaumu dawa.

Hapa ninafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Mbwa wa babu yako hakuwa na ukuta. Ua ulikuwa wa minyaa, yeye alitoka na kurudi, na kabla hajawa mkubwa alikuwa ameshawajua wauza maziwa, wanafunzi, walevi wa jioni na mbuzi wa kila mtu. Alijua kutofautisha mgeni na mwizi kwa sababu wageni aliwaona kila siku. Mijini tulijenga kuta za matofali, tukaandika Mbwa Mkali getini, na ikazuka imani kwamba mbwa akifungiwa bandani mchana kutwa, asimwone mtu, ndipo atakapokuwa mlinzi. Imani hiyo haina msingi. Mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa kawaida na nani ni wa kutisha katika kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14. Anayekipitisha kipindi hicho bandani huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mwizi mwenye kipande cha nyama hamsumbui.

Bila shaka umeona kwamba kipindi hicho ndicho ambacho chanjo hazijakamilika. Suluhisho lake ni kumbeba. Mpakateni, mkae naye getini jioni, aone bodaboda, asikie adhana na honi, aguswe na wazee na watoto, ila asiwekwe chini mahali wanapopita mbwa wengine mpaka sindano zimalizike. Banda liwe mahali pa kulalia, lenye kivuli, lisiwe la mabati matupu, kwani mbwa hupoza mwili kwa kutweta na joto la Dar es Salaam pamoja na manyoya yale vitamchosha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, makazi na matibabu, kwa hiyo kumwacha apone au afe, kama tulivyofanya zamani, si hiari tena.

Kuhusu chakula, unga wa dona na dagaa unamtosha ukichanganywa vizuri, lakini msimpikie mahindi yaliyoota ukungu kwa kufikiri kwamba mbwa hadhuriki. Sumukuvu huharibu ini la mbwa kama linavyoharibika la binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Usisahau majirani zako Waislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Yule wa kulinda mali hakatazwi, ila asifike kibarazani kwao wala kwenye nguo zilizoanikwa, hasa saa za kwenda msikitini. Mzungumze nao mapema, kabla hajakua.

Nitumie picha ya kadi hiyo, pande zote mbili, nami nitakwambia chanjo ipi inafuata. Mama yako anauliza jina lake, na anauliza pia ni nani atakayemlisha mtakapokuja huku Desemba, kwa sababu zamani tungemwachia jirani bila hata kumuaga, na huko kwenu tunasikia majirani hawana funguo za mageti ya wenzao.

Wasalimie wajukuu na baba yao.

Ni mimi,
Baba yako