Bunduki ya upepo iwe na leseni, lakini isifungwe pingu moja na bastola

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wenu wa Dar es Salaam aliyeandika kwamba bunduki ya upepo, ile inayosukuma risasi kwa hewa, haina baruti, kwa hiyo polisi hawana kazi nayo. Naomba nafasi nimjibu, maana huku ninakoishi jambo hili limebishaniwa miaka na miaka mpaka likafika bungeni.

Mimi ni mtu wa Muheza, naendesha lori Scotland. Njia yangu ni Glasgow kwenda Carlisle. Ukishapita Gretna umetoka Scotland, na Carlisle, upande wa England, si mwendo wa nusu saa. Wa kwetu Tanga wachukulie Horohoro na Lunga Lunga, mpakani na Kenya. Carlisle, mtu aliyetimiza miaka 18 anaingia dukani, anaonyesha kitambulisho, analipa, anatoka na bunduki ya upepo ndani ya boksi. Mkazi wa Gretna akirudi nayo nyumbani bila cheti cha polisi wa Scotland, ana kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Ndivyo ilivyo tangu tarehe 31 Desemba 2016. Bunduki ni ileile, risasi zilezile.

Scotland hawakuamka tu asubuhi wakatunga sheria. Mwaka 2005, mtaa wa Easterhouse hapa Glasgow, mtoto wa miaka 2 alikuwa amebebwa na kaka yake. Zimamoto walikuwa wamefika mtaani na watu wametoka kuwatazama. Mwanamume mmoja akafyatua bunduki ya upepo, risasi ikampata mtoto kichwani, akafariki. Aliyefyatua alihukumiwa kifungo cha maisha. Wazazi wa mtoto hawakunyamaza, wakagonga kila mlango, lakini sheria za silaha zilikuwa mikononi mwa London. Ilibidi kwanza London ikabidhi mamlaka hayo kwa Sheria ya Scotland ya 2012, ndipo bunge la Scotland, lililoko Edinburgh, likapitisha sheria yake mwaka 2015. Miaka kumi, Mhariri, kwa kitu ambacho msomaji wenu anakiona cha kuchezea.

Na hilo la baruti lisimdanganye mtu. Karne ya 18 jeshi la Austria lilipigana na bunduki za upepo zilizobuniwa na fundi aliyeitwa Girandoni. Hizi za madukani leo, zenye nguvu ya jouli 16 hivi (jouli ni kipimo cha nishati), zinarusha kirisasi cha milimita 4.5 kwa kasi ya zaidi ya mita 200 kwa sekunde. Jicho halina ngao ya kuzuia kitu hicho, na fuvu la mtoto mchanga nalo ni laini. Vile vibunduki vya plastiki visivyozidi jouli 1 sheria ya Scotland haivigusi, na sioni kwa nini iviguse.

Mimi ninachokipenda zaidi katika sheria ile ni swali lililomo ndani ya fomu ya kuomba cheti: unaitaka ya nini? Jirani yangu, mzee wa Kiskoti aliyestaafu ufundi gereji, alikuwa nayo moja tangu ujana wake, ya kukunja mtutu kukaza springi. Kitako kimepigwa vanishi mpaka unajiona. Ukisema ni ya kuua panya bandani, polisi wanakuelewa. Ukisema ya kulenga shabaha klabuni, wanakuelewa vilevile. Yeye alitaka kupiga makopo uani kwake. Uzio wake ni mbao nyembamba, zingine zimeoza, na ng'ambo ya uzio kuna bembea ya watoto wa nyumba ya pili. Alikaa na ile fomu mezani siku kadhaa, kalamu juu yake, hakuandika kitu pale penye swali. Mwishowe akaizungushia bunduki blanketi akaipeleka kituoni, wakati polisi walipokuwa wakizikusanya kabla sheria haijaanza. Alinung'unika sana, na mimi nilimhurumia kweli. Lakini bembea ile tunaiona sote tukianika nguo.

Sasa wapo wengine, nao huandika humuhumu gazetini, wanaotaka bunduki ya upepo ihesabiwe silaha ya moto moja kwa moja, adhabu zote zikiwemo. Hao nao siwafuati. Hapa Uingereza, baada ya mauaji ya watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, bastola zilipigwa marufuku, na leo anayekamatwa nayo kinyume cha sheria huanzia kifungo cha miaka 5. Mtu mzima anayekutwa na bunduki ya kuulia panya aliyosahau kuilipia cheti, ukimpa miaka hiyo, utakuwa umemwonea. Scotland waliitungia sheria yake yenyewe: cheti cha miaka 5, ada ilianza na pauni 72, polisi wanajua nani anayo na anaitumia wapi. Hata mimi naona hapo ndipo penye haki.

Nina mpwa wangu Muheza, ana shamba la machungwa, na tumbili wanamtesa. Kila akipiga simu ni "Mjomba, niletee bunduki ya upepo, huko si rahisi?" Kwanza tumbili hamuui kwa kirisasi kile, atamjeruhi tu akafie vichakani, halafu aje kujieleza kwa watu wa wanyamapori. Pili, shamba lenyewe limepakana na njia ya watoto wa shule. Nimemwambia aende kituo cha polisi cha wilaya aulize utaratibu, wampe karatasi yenye muhuri, anitumie picha yake. Siku nikiiona, hela ya bunduki nitatoa mimi, na ainunue hukohuko.

Dereva wa lori,
Glasgow, Scotland