Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chama cha Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana mara nne, tuliwatembelea watoto waliolazwa, na 19 Juni tuliadhimisha Siku ya Selimundu Duniani, siku ya ugonjwa huu wa damu ambao watoto wetu wameurithi. Tuko familia 64. Zilizomaliza ada ni 23. Kati ya shilingi 3,840,000 zilizotarajiwa zimeingia 1,745,000. Hakuna mkutano uliovuka watu 19. Katibu alipiga simu mpaka usiku, na wengi mlijibu mko njiani. Inaumiza.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno. Ni kweli, mwezi Machi, kwa idhini ya kamati, nilitoa shilingi 980,000 kwenye mfuko wa rambirambi. 280,000 zilinunua vipimajoto 40, na 700,000 zililipia vipimo 28 vya kuhesabu chembe za damu, yaani FBP, kwa watoto wanaotumia haidroksiyurea, dawa ya kila siku ya selimundu. Zimebaki 440,000 na risiti zote anazo mweka hazina. Nimeambiwa nimekula fedha za wafiwa. Sikula. Nilitaka mfuko ule ufunguliwe mara chache.

Bandama la mtoto wa selimundu huharibika mapema, bakteria wakapata upenyo. Ndiyo maana wadogo hupewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku: miligramu 125 mpaka miaka mitatu, kisha 250 mpaka mitano. Wengi wetu huikatisha mtoto akionekana mzima. Kwa hiyo homa yake haisubiri kukuche. Kiganja kwenye paji la uso hudanganya, hasa kikitoka kwenye maji ya kufulia. Weka kipimajoto kwapani, bana mkono wa mtoto mpaka kilie. Kikisoma 38, ni hospitali saa hiyo hiyo. Panadol hushusha joto, haiui bakteria. Kisha papasa chini ya mbavu za kushoto: bandama likiwa limevimba ghafla na viganja vimepauka, damu imejikusanya humo, na mtoto anaweza kuhitaji kuongezewa damu haraka.

Haidroksiyurea ndiyo inayotupa ujasiri wa kuwapangia watoto hawa miaka ya mbele. Utafiti uliofanyika hapa Afrika, Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ukachapishwa 2019, ulionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vikipungua. Lakini dozi hufuata uzito, na dawa yenyewe huweza kushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, kupita kiasi. Bila FBP daktari anapapasa gizani. Kipimo ni kabla ya kuanza, wiki nne hivi baadaye, halafu kila miezi miwili au mitatu. Wazazi sita waliiacha mwezi wa kwanza wakisema haisaidii. Nafuu huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, wapendwa. Uvumilivu ninaousema kila mkutano ndio huu: kumpa mtoto dawa siku ya themanini kama ulivyompa siku ya kwanza, hata kama usiku mzima alilia magoti.

Wazo la vipimajoto nililileta mimi na sijutii. Familia 11 zimeniambia ziliwahi hospitali kwa sababu ya kifaa hicho.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatumaini kupata mfadhili wa vipimo na kuurudishia mfuko wa rambirambi fedha zake. Madeni ya ada yanapokelewa leo kabla ya chai. Mweka hazina yupo meza ya mlangoni, na pale pale kuna vipimajoto saba ambavyo wenyewe hawajaja kuvichukua.