Barua kwa mwanangu: ile meza uliyoniuliza

Mwanangu,

Pole kwa kukaa wiki nzima bila kukujibu, nilikuwa njiani na lori na hapa Mtito Andei ndo nimepata pa kukaa. Uliniuliza tofauti ya plato, mesa na byuti, ukasema umezikariri lakini zote unaziona milima iliyokatwa kichwa tu.

Plato ndo uwanda wa juu. Unakumbuka tulivyoenda kwa shangazi yako Eldoret ukawa unauliza mlima uko wapi? Ulikuwa umeukanyaga mama, pale ni kama mita 2,100 toka usawa wa bahari, mahindi na ngano mpaka macho yachoke, na vile ni pana hujui kama uko juu mpaka ufike ukingoni, kama siku ile Iten ulipochungulia bonde la Kerio ukanishika shati.

Mesa ni ndogo, juu bapa, kuta zimesimama pande zote, ila upana unazidi kimo. Ni neno la Kihispania, maana yake meza, na hata hii meza yetu tuliitoa kwa Wareno, sasa hiyo utaisahau vipi? Mvua na upepo vikizidi kuila kando kando inabaki kipande chembamba, kimo kinazidi upana, hiyo ndo byuti. Kule Monument Valley, Marekani, zote mbili zimesimama jirani.

Lakini inayonigusa mimi ni Yatta, naiona hapa nikikuandikia. Karibu kilomita 300 kwa urefu halafu nyembamba, wanaiita plato lakini kwa upana haifanani kabisa na ya Eldoret. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita lava ilitiririka ndani ya bonde la mto, kama uji uliomwagika mtaroni ukagandia humo. Ikawa jiwe gumu. Udongo laini wa pembeni ukaliwa na maji pole pole ukaisha, lava ikabaki, yaani kilichokuwa chini kabisa bondeni ndo sasa kiko juu, na mto Athi unapita miguuni pake! Miaka yote naipita hii barabara na bado hunishangaza.

Mkifunga shule nakuja kukuchukua. Tukishuka Mombasa kaa dirisha la kushoto, asubuhi kabla jua halijakuwa kali, utaiona imenyooka kama imepigwa rula.

Baba yako