Kwa wathamini vijana wa Nairobi: majengo mnayoingia yana wenyewe

Vijana wangu,

Nimestaafu, lakini simu zenu bado zinanifikia. Mmoja kafukuzwa na mbwa huko Karen. Mwingine kafungiwa geti Kahawa Sukari na mwenye nyumba aliyemdhania dalali wa mnada. Mwingine kakanyaga plaiwudi iliyolazwa juu ya slebu, kumbe chini yake ni shimo la lifti. Alining'inia kwa makwapa mpaka mafundi wakamvuta. Mnaniuliza mnunue vifaa gani. Helmeti nunueni, na buti zenye chuma mbele, hilo halina mjadala. Ila shida naiona kwingine. Mnaingia kwenye majengo kana kwamba hayana watu, na hatari nyingi, zenu na zao, zinaanzia hapo.

Tuseme benki imekutuma kukadiria thamani ya nyumba ya mkopo uliokwama. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji afanye uthamini kabla ya kuiuza mali, kwa hiyo wewe ndiye unayefika kabla ya dalali. Mwenye nyumba hajapata usingizi siku nyingi, watoto wake wako sebuleni, nawe unashuka kwenye gari na kamera na tepu ya kupimia. Unategemea akupokee vipi? Mpigie simu mwenyewe jana yake. Ukifika, simama nje ya geti, toa kitambulisho cha kazi, mwache akipige picha. Mwambie apigie ofisi yako kwa namba atakayoitafuta yeye, maana matapeli nao hutembea na vitambulisho na namba za simu za kujibiana wenyewe kwa wenyewe. Akikataa usiingie, ondoka bila ubishi, uandike kwamba umezuiwa. Mambo ya kuingia kwa nguvu yana njia zake kisheria na si kazi yako. Na tafadhali, msimhonge mlinzi awafungulie mlango wa nyuma. Nyinyi mtaondoka na picha, yeye atafukuzwa kazi.

Ndani, mwenyeji atangulie, afungue vyumba yeye, na mlango wa nje ubaki wazi. Ukimkuta mama yuko peke yake, akakuomba umngoje jirani yake aje, kangoje dukani. Picha za watoto usipige, wala za kufuli na madirisha yasiyo na vyuma. Picha hizo huzunguka kwenye simu za watu wengi kabla ripoti haijafungwa, na mwizi haombi ramani nzuri kuliko hiyo.

Nanyi pia mna haki ya kuogopa. Julai 1986 jijini London, dada mmoja wakala wa nyumba, Suzy Lamplugh, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Hakurudi, na mpaka leo hajapatikana. Kwa hiyo mtu mmoja ofisini awe na anwani, jina la unayekwenda kumwona na saa ya kutoka, na saa hiyo ikipita akupigie. Wekeni sentensi ya siri. Ukimwambia "niangalizie ile faili ya kijani", ajue umekwama na atafute msaada.

Kwenye mjengo mwenyeji wenu ni foremani. Mwoneni kabla hamjapanda hata ngazi moja, maana ndiye anayejua slebu ipi imemwagwa juzi. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likitimiza siku 28, na wapo wakandarasi wanaong'oa mapema nguzo za mbao zinazoishikilia slebu ili wazipeleke ghorofa ya juu. Ukiona slebu mbichi imeachwa bila nguzo, shuka, na uwaambie waliomo chini yake.

Sasa nije kwa wapangaji. Miaka iliyopita, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga mtaani Pipeline, nilikuwa napima korido nikaona mlango umechongwa upande wa chini, mbao bado nyeupe, na juu yake rangi ya zamani. Nikamuuliza mama wa chumba hicho. Akasema mlango ulikuwa ukikwama, fundi akaupiga randa, ukakwama tena, akaupiga tena. Kwangu hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimeandika, maana fremu ilikuwa inapinda na jengo lilikuwa linatitia vibaya. Nyufa zilikuwa zimefunikwa kwa plasta mpya na rangi ya krimu. Mwenye ploti angeweza kuziba ukuta wote, lakini mlango wa mpangaji hakuukumbuka. Kwa hiyo waulizeni. Milango inafunga? Maji yanatuama wapi mvua ikinyesha? Usiku mnasikia nini?

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, hapa Nairobi, baada ya mvua kubwa, likaua zaidi ya watu 45. Baadaye tukaambiwa lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa. Yaani habari ilikuwepo, lakini ilikuwa kwenye karatasi, na watu walikuwa kitandani.

Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya wenzangu. Wanasema ripoti ni ya benki, na siri ya mteja ni siri. Thamani ya nyumba ni siri, nakubali. Ufa una siri gani, na wapangaji wanaupita kila asubuhi wakienda kazini? Mwandikie mteja siku hiyo hiyo kwamba jengo ni hatari, kisha ipigie simu kaunti na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Usipige kelele kwenye ngazi watu wakakanyagana. Lakini ukisikia kuta zinalia na plasta inadondoka, gonga milango, watoke.

Mwisho, kwenu wenye ofisi. Mnawalipa hawa vijana kwa kila ripoti wanayoleta. Anayerudi mikono mitupu amekula nauli yake mwenyewe, ndiyo maana mtu anapanda paa kuukuu la asbesto peke yake akijua linaweza kupasuka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa ambayo haijaondolewa. Basi safari iliyokatizwa kwa hatari ilipwe kama iliyokamilika, na ya kurudia watumwe wawili, mmoja wao awe fundi mhandisi. Nimesikia kilio cha gharama. Iongezeni kwenye ankara ya benki.

Mzee wenu,
Mthamini mstaafu, Nairobi