Siku tatu hazimfanyi mtu kuwa mtabibu wa sindano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na vijana wa Tanga kuhusu matangazo yanayobandikwa siku hizi kwenye nguzo za umeme, kuanzia Ngamiani mpaka huku kwetu Makorora, na yanayozunguka pia kwenye makundi ya simu. Yanasema jifunze tiba ya sindano za Kichina, ile akupancha, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, cheti unapewa hapo hapo, na ukitoka unafungua kliniki yako. Binti wa jirani yangu ameliona tangazo hilo na mama yake, ambaye anauza mihogo ya kukaanga, akaanza kuwapitia ndugu na majirani ili ada itimie. Kwangu alifika jioni. Sikumpa pesa, ila nilimkalisha barazani tukaongea mpaka adhana ya Isha.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianza kazi enzi ambazo sindano ilichemshwa ikatumika tena, na nikashuhudia UKIMWI na homa ya ini zikitulazimisha kubadili kila kitu. Kwa hiyo nikiona mtu anaahidi kumkabidhi kijana sindano ndani ya siku tatu, ninaudhika kwelikweli, na sioni haya kusema hivyo gazetini.

Tiba yenyewe siipingi. Mtoto wa kaka yangu yuko China mwaka wa nne sasa, anasomea hiyo hiyo, na kila akipiga simu mimi shangazi yake humdadisi kama ninavyowadadisi wauguzi wanafunzi. Mwaka wa kwanza wote uliishia kwenye lugha, maana masomo yanafundishwa kwa Kichina. Baada ya hapo ndipo shahada ya miaka 5 inapoanza, na mwaka wa mwisho unapita hospitalini, wodini, chini ya macho ya walimu. Anasoma viungo vya mwili kwa maiti kama daktari mwingine yeyote, anasoma magonjwa na dawa, na sambamba na hayo anasoma nadharia ya Wachina wenyewe: mikondo 14 ya nguvu mwilini na vituo 361 vya kuchomea sindano, ambavyo Shirika la Afya Duniani lilichapisha mahali pake sanifu mwaka 2008.

Kuchoma sindano hakuanzi kwa mtu. Walipewa karatasi zilizokunjwa na kufungwa kwa uzi zikawa kibunda kigumu, na kazi ikawa kupitisha humo sindano nyembamba isiyozidi robo ya milimita bila kuipinda. Vidole vikishazoea, mwanafunzi anajichoma mguu wake mwenyewe, kisha wenzake wa darasani, na mgonjwa anakuja baadaye sana.

Nilimuuliza pia wanajuaje mahali penyewe, maana watu hatulingani urefu. Akanieleza kwamba wanapima kwa mwili wa mgonjwa, kama wazee wetu walivyopima kwa shibiri na dhiraa, ila hapa shibiri ni ya yule anayetibiwa. Upana wa dole gumba la mgonjwa ni kipimo kimoja, na vidole vyake vinne vikibanwa pamoja ni vipimo vitatu. Kituo kimoja maarufu cha mguuni kiko vipimo vitatu chini ya goti, kwa upande wa nje, kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wa mfupa wa ugoko. Nikajaribu kwenye mguu wangu hapo hapo, simu nimeibana begani. Pana kibonde kidogo, ukikibonyeza unasikia uzito unateremka mguuni. Mtu anayejifunza anatakiwa avijue hivyo vyote kwa kuvipapasa kwenye miili mingi, ya wanene, ya wembamba, ya wazee, ya watoto.

Sasa nije kwenye hatari, kwa sababu katika matangazo hayo sijaliona hata neno moja juu yake. Juu ya bega, kati ya shingo na ncha ya bega, kuna kituo kinachotumika sana kwa maumivu ya shingo. Chini yake kuna ncha ya pafu. Sindano ikizama kupita kiasi pafu linatoboka, hewa inajaa kifuani, na mgonjwa aliyekuja kwa shingo anaanza kuhangaikia pumzi. Halafu kuna wajawazito, ambao ndio maisha yangu. Kituo kilichopo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kile cha juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, walimu wa fani hii wanafundisha visichomwe kwa mwenye mimba. Atakayemuuliza mteja kama siku zake zimepita ni nani, kijana wa siku tatu?

Na sindano zenyewe ni za kutumika mara moja, kisha zinaingia kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Mama mmoja wa mtaani aliniambia alitibiwa mgongo katika chumba cha kupanga, na sindano alizotolewa zilirudishwa kwenye kikopo cha spiriti zikimsubiri mwingine. Nilimwambia akapime homa ya ini na VVU, akaenda. Majibu ni yake, siyaandiki hapa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo haya mwaka 1999. Mtu asiye na elimu ya utabibu anatakiwa asome saa 2,500 ndipo aitwe mtabibu kamili wa sindano. Daktari anayetaka kuifanya iwe fani yake kamili, saa 1,500. Hata daktari anayetaka kuiongeza tu kwenye kazi zake za kila siku amepangiwa saa zisizopungua 200. Piga hesabu ya Ijumaa hadi Jumapili, saa nane kila siku bila hata kwenda kuswali: ni saa 24.

Matangazo hayo yanadai pia kwamba sindano zinaponya kisukari, presha na ugumba. Utafiti ulio imara uko kwenye maumivu ya muda mrefu. Mwaka 2012 watafiti walikusanya takwimu za wagonjwa karibu 18,000 wenye maumivu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, wakaona sindano za kweli zinasaidia kuliko za kuigiza, ingawa tofauti kati ya hizo mbili haikuwa kubwa. Kuna ushahidi pia kwa kichefuchefu baada ya upasuaji. Hayo yanatosha kabisa kuiheshimu tiba hii. Mwenye presha asiache vidonge vyake kwa ajili ya tangazo la nguzoni.

Jirani yangu aliniuliza, "Sasa Mama Mkunga, kama si huko, mtoto aanzie wapi?" Nilimjibu hivi. Binti amefaulu Baiolojia na Kemia. Aombe stashahada ya utabibu au uuguzi katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, yaani baraza la taifa la elimu ya ufundi, miaka 3, apate leseni, aanze kushika wagonjwa, na hiyo akupancha ataiongeza juu ya msingi huo. Au asome mpaka kidato cha sita na aombe ufadhili wa serikali ya China. Kichina anaweza kukianza hapa hapa nchini, Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kabla ya kupanda ndege apate kwanza hati ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ya kutokuwa na pingamizi, na akirudi ahakikishe shahada yake imetambuliwa, halafu ajisajili kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Baraza hilo lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, na kutibu watu bila usajili ni kosa. Njia ni ndefu, hilo sikumficha.

Tanga tuna historia ya kukaa meza moja na waganga. Tangu mwaka 1990 madaktari wa hospitali ya Bombo walifanya kazi na waganga wa jadi katika kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, na watu wakatoka nje kuja kujifunza kwetu. Kwa hiyo hatushindwi kuipokea tiba ya Kichina kwa utaratibu. Ningefurahi sana siku moja wataalamu wa fiziotherapia na madaktari wetu wapate kozi ya kweli ya fani hii papa hapa mkoani, yenye mwalimu aliyesajiliwa na wagonjwa wa kufanyia mazoezi, badala ya kuliacha pengo lijazwe na wenye kukodi ukumbi.

Kwa ofisi ya mratibu wa tiba asili na tiba mbadala nina ombi moja, nalo halina gharama kubwa. Majina ya watabibu wa sindano na wa hijama (kuumika) waliosajiliwa katika jiji letu, pamoja na namba zao za usajili, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na ofisi za serikali za mitaa, na anayeendesha mafunzo atakiwe kuonyesha kibali chake kabla hajapokea ada ya mtu. Darasa linalofuata limetangazwa kuanza mwisho wa mwezi huu, na najua vijana wa mtaa wangu ambao wameshalipa nusu.

Muuguzi Mkunga Mstaafu,
Makorora, Tanga